Uhandisi pale Chuo Kikuu cha Nairobi: kila mwaka tunaanza na sifuri

Wiki hii sina habari ya simu mpya wala programu ya kupakua. Nataka kuzungumzia chuo cha uhandisi, na najua baadhi yenu mtaniuliza, "Wewe ni mwandishi wa programu, mambo ya vyuma na saruji yanakuhusu nini?" Subirini kidogo, mtaona.

Mwezi wa tano kijana mmoja alikuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya kazini, ile miezi ambayo mwanafunzi wa uhandisi hupewa barua na kuambiwa akajitafutie mahali. Anasomea umeme katika chuo kimoja cha umma humu nchini. Jina la chuo tuliache. Mchana alikuwa akitufanyia kazi zetu, jioni akihangaika na mradi wake wa mwaka wa mwisho: kifaa cha kupima maji kwenye tangi na kumtumia mwenye nyumba ujumbe mfupi maji yakikaribia kwisha. Mtu yeyote anayeishi katika mtaa wa maji ya mgao anajua thamani ya kifaa kama hicho.

Siku moja nikamkuta amekunja uso. Vile vijiti vya chuma vinavyotumbukizwa majini vilikuwa vimeliwa na kutu baada ya wiki mbili tu, na vipimo vilikuwa vinarukaruka.

"Mkubwa," akaniambia, "hiki kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa."

Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka. Miaka minne nyuma tulikuwa na kijana mwingine. Chuo hicho hicho, idara hiyo hiyo, kifaa hicho hicho na kutu hiyo hiyo. Na yule wa kwanza alikuwa amepata dawa yake: usipitishe umeme kwenye vijiti muda wote, upitishe kwa kitambo kidogo tu wakati wa kupima, na kila mara ugeuze upande, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya. Nakumbuka kwa sababu alikuja kunionyesha akiwa na furaha kama mtoto. Shida ni kwamba aliipata dawa hiyo baada ya kukabidhi ripoti yake.

"Uliiona kazi ya mwenzako aliyekutangulia?" nikamuuliza huyu wa sasa.

"Niliona kitabu chake maktabani, mkubwa. Kina kurasa themanini."

"Na programu yake je?"

"Imechapishwa mwisho wa kitabu. Nimeinakili kwa mkono."

Kwa mkono! Mistari mia kadhaa ya programu, imechapishwa kwenye karatasi, ikafungwa kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, halafu kijana mwingine anakaa maktabani na kalamu kama mwandishi wa hati za kale. Na dawa ya kutu haimo ndani ya kitabu.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikaanza kufikiria vyuo vyetu vya uhandisi kwa jumla, na kwa kuwa kila habari ya uhandisi hapa kwetu huanzia Nairobi, nikaanza na Chuo Kikuu cha Nairobi. Sisemi kwamba ndicho chuo cha yule kijana. Nakichukua kwa sababu ndicho mzazi wa vingine, na kwa sababu historia yake iko wazi kwa kila mtu.

Wengi tunakijua chuo kile kwa maandamano na kwa majengo yale ya Barabara ya Harry Thuku, jirani na hoteli ya Norfolk. Wachache wanajua kwamba kilizaliwa kama chuo cha ufundi. Hati ya kifalme ya kuanzisha Royal Technical College of East Africa ilitolewa mwaka 1951, jiwe la msingi likawekwa 1952, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1956. Wakati huo huo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakichanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Mahatma Gandhi, na juhudi hizo mbili zikaunganishwa. Ndiyo maana kuna jengo pale linaloitwa Gandhi Wing hadi leo. Kwa hiyo chuo kikuu chetu cha kwanza hakikuanza na falsafa wala sheria. Kilianza na nia ya kufundisha watu kutengeneza vitu. Nalirudia jambo hili kila ninapomsikia mtu akisema ati ufundi ni wa walioshindwa mitihani.

Mwaka 1961 jina likawa Royal College Nairobi, na wanafunzi wa uhandisi wakawa wanasomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Kazi ziligawanywa: Makerere udaktari, Dar es Salaam sheria, Nairobi uhandisi. Kijana wa Mwanza au wa Gulu aliyetaka kuwa mhandisi alipanda gari au treni akaja Nairobi. Muungano ule ulipovunjika mwaka 1970 kila nchi ikajijengea ya kwake. Makerere walianzisha kitivo cha teknolojia mwaka huo huo, na Dar es Salaam wakafungua kitivo cha uhandisi mwaka 1973. Humu nchini wakafuata wadogo zake: Juja mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kisha Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret mwaka 1984.

Majina yamebadilika sana. Mageuzi ya 1983 yalikigawa Chuo Kikuu cha Nairobi katika koleji sita, uhandisi ukawekwa pamoja na usanifu wa majengo. Mwaka 2021 koleji zikavunjwa, uhandisi ukarudi kuwa kitivo. Wengine walishangilia, wengine walilia. Mimi niliona ni kama kubadilisha jina la folda kwenye tarakilishi: faili zilizomo ndani ni zile zile.

Ndani yake kuna idara tano. Kuna ujenzi, yaani barabara, madaraja na maji. Kuna umeme na habari. Kuna mitambo na utengenezaji. Kuna mazingira na mifumo ya kibiolojia, ambayo wazee wanaikumbuka kama uhandisi wa kilimo. Na kuna ile iliyokuwa idara ya upimaji ardhi, ambayo sasa inashughulika pia na ramani za kidijitali na teknolojia ya anga. Shahada ni miaka mitano. Ukimaliza hujawa mhandisi bado. Kwa sheria ya mwaka 2011 unaandikishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama mhitimu, halafu unafanya kazi isiyopungua miaka mitatu kabla ya kuomba uandikishwe kama mhandisi kamili.

Haya. Katika miaka hiyo mitano, ukiuliza ni kitu gani mwanafunzi anakumbuka mpaka uzeeni, hatataja hesabu za mwaka wa pili, ingawa zilimtoa jasho. Atataja mradi wa mwaka wa mwisho. Ndiyo mara yake ya kwanza kushika tatizo ambalo jibu lake haliko nyuma ya kitabu. Ananunua vipuri kwa pesa zake, anaungua vidole, anaomba fundi wa karakana amkerezee chuma baada ya saa za kazi, halafu siku ya kuonyesha, mbele ya walimu watatu, kifaa kinagoma. Huo ndio uhandisi wenyewe.

Na hicho ndicho tunachokitupa. Maneno yanahifadhiwa, hilo nakubali. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hazina ya kidijitali ya tasnifu, unaweza kuifungua kwenye mtandao sasa hivi ukasoma bure. Nawapongeza kwa hilo kwa dhati. Lakini ripoti ni barua ya kuomba alama. Inaeleza yaliyofaulu, kwa lugha ya adabu. Msimbo unaoweza kuendeshwa, michoro inayoweza kuhaririwa, vipimo vya siku zile ambazo kifaa kiligoma, orodha ya duka gani linauza kipuri gani, vyote hivyo hubaki kwenye kipakatalishi cha mwenyewe. Kipakatalishi kikiibiwa kwenye matatu, basi.

Sasa nipanue mfano, maana jambo hili si la wanafunzi peke yao.

Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata kama litakuwa baya wa sura na la mwendo wa pole. Wahandisi wa chuo wakashirikiana na taasisi nyingine, zikiwemo karakana za reli, na mnamo Februari 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani pale Kasarani. Shirika la Nyayo Motor likaundwa ili liyatengeneze kwa wingi. Halikutengeneza. Fedha hazikupatikana, na shirika baadaye likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, la kutengeneza vipuri vya mashine.

Watu hulicheka gari lile. Mimi silicheki hata kidogo. Kutoka sifuri hadi gari linalotembea, kwa miaka minne, katika nchi iliyokuwa haijawahi kujaribu, ni kazi kubwa. Na sielewi kwa nini tunapima jambo lile kwa swali moja tu, kama gari liliuzwa au halikuuzwa. Liwe lisiuzwe. Lingeweza kuwa kitabu cha kiada kwa miaka thelathini: mwaka huu darasa linaboresha breki, mwakani linapunguza uzito wa bodi, mwaka wa tatu kundi lingine linang'oa injini na kutia mota ya umeme. Leo, wakati mabasi ya umeme yanapita mbele ya lango la chuo chenyewe, tungekuwa na vijana ambao walimu wa walimu wao walianza kulipasua gari lile mwaka 1990. Kufa kwa kiwanda hakukuwa na haja ya kuua darasa.

Mfano wa pili ni wa juzijuzi, na huu unanifurahisha. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kisanduku cha sentimita kumi kila upande, unaweza kukishika kwa mkono mmoja. Chuo kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, na nafasi ya kurushwa ilipatikana kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Ikawa setilaiti ya kwanza ya Kenya. (Msiichanganye na ile iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Ile ilikuwa ya Wamarekani na ilirushwa na Waitaliano. Sisi tulitoa bahari na jina.)

Jina la kisanduku kile lilikuwa 1KUNS-PF, na hizo herufi mbili za mwisho zina maana ya safari ya kutangulia. Mtangulizi! Jina lenyewe linauliza nani anafuata. Setilaiti iliyofuata ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 na roketi ya SpaceX kutoka California. Ni ya Shirika la Anga la Kenya, na waliohusika kuitengeneza ni kampuni ya SayariLabs ya Nairobi na EnduroSat ya Bulgaria. Kazi nzuri, sina neno. Ila mkondo ulihama nyumba. Ningependa kuona mwanafunzi wa mwaka wa tatu akiingia maabara na kukuta betri ya akiba ya kile kisanduku cha 2018, programu yake, na daftari lililoandikwa, "Hapa tulikosea, usirudie." Setilaiti ikishaachiwa haiishi sana huko juu. Daftari linaweza kuishi.

Msinielewe vibaya, nisije nikaonekana nabeza. Ndani ya kitivo hicho hicho kumewahi kuwa na mahali ambapo mambo yalikwenda nilivyotamani. Pale palikuwa na karakana ya wazi ya Fablab, moja ya zile zilizoanzia chuo cha MIT kule Marekani. Aliyeisimamia ni Dkt. Kamau Gachigi, mwalimu wa uhandisi wa mitambo, ambaye baadaye alianzisha karakana nyingine kubwa ya pamoja jijini, Gearbox. Katika karakana ya namna hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili hukaa meza moja na wa mwaka wa tano. Anaona kifaa kikishindwa, anasikia sababu. Ni humo alimopitia kijana aliyekuja kuanzisha AB3D, kampuni ya kutengeneza printa za 3D kwa kutumia taka za kielektroniki. Kumbe ujuzi hurithiwa watu wakikaa pamoja muda mrefu kuliko muhula mmoja. Ndivyo jua kali wanavyofanya pale Gikomba, bila shahada.

Sisi waandishi wa programu tulilijua hili mapema, na si kwa sababu tuna akili zaidi. Kazi yetu ni maandishi, na maandishi ni rahisi kuyarithi. Nitawapa mfano mmoja ambao wanafunzi wa umeme wanautumia bila kujua asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa Berkeley, Ronald Rohrer, aliligeuza somo lake kuwa kazi ya darasa: waandike programu ya kuigiza saketi za umeme. Mwanafunzi mmoja, Laurence Nagel, akaendelea na kazi ile chini ya Profesa Donald Pederson, ambaye alisisitiza programu itolewe bure kwa yeyote. Mwaka 1973 ikatoka kwa jina la SPICE. Toleo la pili likaja 1975. Katika miaka ya 1980 mwanafunzi mwingine akaiandika upya kwa lugha ya C. Leo mwanafunzi aliye Nairobi akijaribu saketi yake kwenye tarakilishi kabla ya kwenda kununua vipuri mtaani, uwezekano ni mkubwa kwamba anatumia kitukuu cha kazi ile ya darasa.

Ilianza kama kazi ya darasa, jamani. Ingefungwa kwa jalada gumu na kuwekwa rafuni, ingekuwa imekwisha 1970.

Kwa hiyo napendekeza nini? Kwanza, kila mradi ukabidhiwe ukiwa hai. Ripoti iwepo, lakini pamoja nayo msimbo, michoro na vipimo viwekwe kwenye hazina moja ya idara, kwa programu ya kutunza matoleo kama Git. Hiyo Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 na haijawahi kudai hata senti. Pili, na hili ndilo la muhimu kwangu, nusu ya darasa wapewe miradi ya kurithi. Usiwape kichwa kipya. Wape kifaa cha mwaka jana, uwaambie: kiondoe mahali kilipofika. Alama zitolewe kwa hatua aliyoongeza.

Nimeliongea jambo hili na rafiki yangu mmoja ambaye ni mhadhiri, na akanipinga kwa nguvu. Akasema wanafunzi wataiba. Tukiwafungulia kazi za wenzao watabadilisha jina kwenye jalada na kuleta ile ile. Nikamwambia, kaka, wanaiba hata sasa, tofauti ni kwamba sasa huna cha kulinganisha. Kazi ya zamani ikiwa wazi, na historia ya kila badiliko ikiwa imeandikwa na tarehe, mwizi ataonekana kwa dakika tano.

Halafu akanipa hoja nyingine ambayo sikuwa na jibu la haraka. "Wewe unazungumza kama vile mhadhiri ana jioni za kukaa kukagua hazina ya msimbo. Mwaka 2025 tuligoma karibu wiki saba, Septemba hadi Novemba, tukidai pesa za mkataba uliokwisha sainiwa. Tuliporudi tulifundisha muhula mzima mbio mbio. Nani atatunza hazina yako?"

Hapo nikanyamaza. Ana haki. Mzigo huu haufai kumwangukia mwalimu ambaye hajalipwa. Nadhani kazi hiyo ni ya fundi wa maabara, yule ambaye hakuna anayemtaja siku ya mahafali. Ndiye anayekaa pale miaka ishirini wakati wanafunzi wanapita. Tayari anajua kila kifaa kilikufa kwa ugonjwa gani. Mpeni cheo, mpeni tarakilishi nzuri, muongezeeni mshahara, na mwandike kwenye mkataba wake kwamba yeye ndiye mtunza kazi za idara. Chuo kikuu kimoja kikifanya hivyo kwa idara moja, kwa miaka mitatu, tutajua kama nimekosea.

Na wale watakaosema kuna siri za hataza: sawa, mradi wenye ahadi ya biashara ufungiwe miaka miwili. Mingine yote ifunguliwe. Mingi haiuziki, tuseme ukweli, lakini inafundisha.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimtafutia namba ya yule wa kwanza, ambaye siku hizi anafanya kazi ya minara ya simu kule Kisumu, wakazungumza kwa dakika kumi. Kutu ikaisha. Akabakiwa na wiki tano ambazo angezipoteza, na katika wiki hizo akaongeza kitu ambacho mwenzake hakukifikia: kifaa sasa kinajua kama maji yanapungua kwa matumizi ya kawaida au bomba limepasuka usiku.

Kabla hajaondoka nilimwomba aniandikie ukurasa mmoja wa mambo yote yaliyomshinda. Aliandika kurasa tatu. Ziko kwenye kisanduku pamoja na bodi ya saketi, vijiti vya akiba na flashi yenye msimbo, juu ya kabati letu ofisini. Kinachosumbua sasa ni betri, haivuki usiku wa pili mawingu yakiwa mengi. Kama unasomea umeme, chuo chochote, na hujapata kichwa cha mradi, njoo ukichukue. Chai ipo.